Kibo sentimita moja, mwamvuli sentimita tatu: nilivyozijaribu Hugin na GIMP kwa kazi ya sayari ndogo

Mwezi wa sita, Jumatatu, aliingia dukani kwangu mwongoza watalii mmoja ambaye huwa namfanyia laminesheni ya vyeti vyake. Alikuwa na picha kwenye simu: mji fulani wa Ulaya umekunjwa ukawa mviringo kama chungwa, majengo yamechomoza kuuzunguka kama miiba ya nungunungu, anga limebaki nje pande zote. Picha za namna hiyo watu wanaziita sayari ndogo. "Mangi, nifanyie hii ya Moshi," akasema. "Mlima uonekane. Uiweke kwenye saa ya ukutani, nina mgeni wangu anaondoka Jumamosi."

Nikamwambia inawezekana, nikapokea advansi ya elfu kumi. Alipovuka kizingiti ndipo nikaanza kutafuta inafanywaje.

Nieleze kwanza vifaa vyangu, maana tathmini hii ni ya mtu mwenye hali kama yangu. Duka ni la picha za pasipoti, fotokopi na vikombe vya picha. Kompyuta ni laptop ya mtumba yenye RAM ya giga 4, na kamera niliyotumia ni ya simu yangu ya kawaida. Mwenye kamera ya nyuzi 360 kama Ricoh Theta au Insta360 anabonyeza mara moja tu na simu inamkunjia sayari hapo hapo. Huyo aendelee na shughuli zake.

Nilianza na programu ya simu, ile inayotokea ya kwanza ukitafuta. Jina silitaji. Siku tatu za bure, halafu elfu kumi na tatu kwa mwezi, na kabla hujalipa inakuachia maandishi yake katikati ya picha kama muhuri wa serikali ya mtaa. Nikalipa. Picha ikatoka na pikseli 1,080 kwa upande. Saa yangu ina kipenyo cha sentimita 30, na ukitaka ichapwe vizuri kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 3,540 hivi. Nilipoichapa kwa majaribio ilikuwa kama nimeipigia ndani ya chandarua. Juu ya hayo, pale mwanzo na mwisho wa panorama, yaani ile picha ndefu ya mandhari ya kuzunguka, vilipokutana kulikuwa na mshono unaoonekana wazi, upande mmoja anga jeupe, upande wa pili bluu. Nikaifuta. Mwezi uliofuata wakakata elfu kumi na tatu nyingine, lakini hayo tuyaache.

Ndipo nikaenda kwenye programu mbili za kompyuta ambazo ni bure kabisa, Hugin na GIMP. Hugin inashona picha nyingi ziwe panorama moja. Jina ni la kunguru wa mungu Odin katika ngano za watu wa kaskazini mwa Ulaya, na chini yake kuna kazi ya Mjerumani Helmut Dersch aliyeanza kutoa Panorama Tools mwaka 1998. GIMP wengi mnaijua, ni kama Photoshop ya asiyekuwa na hela. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1995. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Mimi bado niko kwenye 2.10, kwa kuwa mashine yangu imeizoea.

Jumanne asubuhi nikaenda Mnara wa Saa. Wazo langu lilikuwa rahisi: mnara wenyewe ni saa, unaingia kwenye saa, na Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ukiwa nyuma mteja atafurahi. Nikasimama pembeni ya mzunguko, mahali ambapo Mlima unaonekana juu ya mapaa, karibu na mama mmoja anayechoma mahindi chini ya mwamvuli mkubwa.

Upigaji ndio kazi yenyewe. Modi ya panorama ya simu nimeiacha. Simu nyingi zinakata kabla hujamaliza mzunguko, na sayari inataka mzunguko uliofunga. Unapiga picha moja moja, simu ikiwa imesimama wima. Lenzi ya simu ya kawaida ikiwa wima inaona kama digrii 50 kwa upana na karibu 70 kwa urefu, kwa hiyo picha 12 zinatosha kuzunguka huku kila moja ikipandiana na mwenzake kwa zaidi ya theluthi moja. Kisha unainamisha simu digrii 45 kuelekea chini, unazunguka tena, 12 nyingine. Jumla 24. Funga mwanga kwa kushikilia kidole kwenye kioo mpaka ufunge, la sivyo kila picha itakuja na anga la rangi yake.

Kuna kosa moja ambalo kila anayeanza analifanya: anazungusha mwili, simu ikiwa mbele ya mikono iliyonyooshwa. Simu hapo inatembea kwenye duara la nusu mita, na vitu vya karibu vinahama vikilinganishwa na vya mbali. Hugin itashona, lakini utaona nguzo ya umeme imevunjika kiuno. Inatakiwa simu izunguke mahali pamoja na wewe ndiye uizunguke. Nilifunga uzi kwenye kava la simu karibu na lenzi, mwisho wa uzi nikaning'iniza nati ya baiskeli, chini nikaweka kizibo cha soda. Kila picha, kabla sijabonyeza, nahakikisha nati iko juu ya kizibo. Bodaboda waliokuwa pale walinitazama kama mganga anayepima kiwanja.

Dukani nikaingiza picha 24 kwenye Hugin. Yenyewe inatafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha, inazipanga, halafu inakuonyesha panorama. Kazi yako ni kuchagua mchoro wa kukunjia. Kwenye dirisha la onyesho la haraka kuna orodha ya aina za mchoro, nenda Stereographic. Halafu kwenye kichupo cha kusogeza, sehemu ya pitch, yaani mwinamo wa juu na chini, andika 90. Ikikutokea handaki lenye anga katikati badala ya sayari, andika −90. Mwisho punguza au ongeza upana wa kuona. Kwa mistari miwili kama niliyopiga, digrii 250 ndiyo mwisho. Ukizidisha, kingo zinakuwa nyeusi kwa sababu hukulipiga anga la juu. Anayetaka picha ya mraba ya kuweka kwenye kioo cha simu ajiandae kupiga mstari wa tatu wa kuelekea juu. Saa ni duara, pembe hazinihusu.

Nikabonyeza kushona. Laptop ilivuma dakika 40. Nilipiga pasipoti mbili, nikanywa chai, nikarudi ikiwa bado inavuma. Aliye na mashine nzuri atacheka, ila mwenye mashine kama yangu asikate tamaa akafunga dirisha. Haijaganda, inafanya kazi.

Picha ilipotoka nilipiga makofi peke yangu. Mistari ya barabara imenyooka kutoka katikati kama mionzi, mnara umesimama sawasawa, magari hayajapindika. Anga limechanganyika bila mshono hata mmoja. Chini ya miguu, ambapo simu haikufika, palibaki doa jeusi la sentimita moja na nusu katikati kabisa, na tundu la mashine ya saa linapita hapo hapo; nati yake na mishale vikaziba karibu lote. Kuna bajaji moja iliyokatika nusu kwa sababu ilikuwa inatembea, na mzee mmoja ametokea mara mbili akiwa na mkoba ule ule. Hayo nikayaacha, yananogesha.

Halafu nikatafuta Mlima.

Niliutafuta kweli. Ulikuwa pale, kaskazini, kati ya paa na nyaya za umeme, kijinundu cheupe cha sentimita moja na kidogo. Mwamvuli wa mama wa mahindi, ambao ulikuwa mita tatu kutoka kwangu, ulitoka sentimita tatu. Mlima mrefu kuliko yote Afrika umezidiwa na mwamvuli mara mbili na zaidi.

Kwanza nikadhani nimekosea mpangilio. Hugin haina kosa. Kibo ni mita 5,895, mji wetu uko chini ya mita 1,000, na kutoka hapa hadi kileleni ni kama kilomita 30 kwa mstari wa ndege. Ukipiga hesabu, kilele kinasimama digrii 9 tu juu ya upeo wa macho. Usiponiamini, asubuhi Mlima ukifunguka nyoosha mkono, kunja ngumi, fumba jicho moja. Ngumi ni kama digrii 10. Kibo wote unaingia nyuma ya ngumi yako. Sisi tunaouona kila siku tunadhani umejaza anga, kwa sababu jicho linauendea wenyewe na kuyaacha mengine yote. Kamera haina heshima hiyo. Inapima pembe, na mwamvuli wa mita tatu kutoka puani una pembe kubwa kuliko barafu ya kilomita 30.

Mchoro huu wa Stereographic unatunza pembe kwa uaminifu, na ni wa zamani sana. Wanajimu Waislamu wa karne za kati waliutumia kuchora nyota kwenye sahani ya shaba ya astrolabu, ile ala waliyojulia saa na nyakati za swala. Kitu kilicho duara mbinguni kinabaki duara kwenye sahani. Kwa hiyo, ukitaka mnara ubaki na umbo la mnara na mtu awe na kichwa cha mtu, huu ndio mchoro wako. Lakini haumwongezei mtu urefu hata kidogo, na mteja wangu alitaka Mlima.

Jumatano nilimtumia picha kwa simu. Akanijibu kwa sauti: "Mangi, hii ni nzuri sana. Sasa Mlima uko wapi?"

Hapo ndipo GIMP ilipoingia. GIMP nayo inaweza kukunja kwa mchoro ule, kwa kichujio cha Little Planet, lakini mimi nilihitaji kingine. Ndani yake kuna kichujio kinachoitwa Polar Coordinates, kwenye menyu ya Filters, chini ya Distorts. Kinafanya jambo la kishamba kabisa: kinachukua ukanda wa picha na kuupinda kama unavyopinda bati kutengeneza ndoo. Upande wa chini wa ukanda unakusanywa kuwa nukta ya katikati, upande wa juu unatanuliwa kuwa ukingo. Umbali kutoka katikati unakwenda sawa kwa sawa na urefu wa picha yako. Ukiupa panorama kamili ya duara lote la dunia, juu hadi chini, unachopata ni ndugu wa ile ramani iliyo kwenye nembo ya Umoja wa Mataifa, yenye ncha ya kaskazini katikati na mabara yamejitandaza kuizunguka.

Jambo muhimu kwetu wafanyabiashara ni hili: GIMP haijali ukanda wako ulikuwa na digrii ngapi. Ukiupa ukanda mwembamba, inauvuta mpaka ujaze nafasi. Maana yake, ukikata anga lisilo na kitu na nyasi zisizo na kitu, kilichobaki kinarefuka. Mlima ukiwemo.

Mnara wa Saa haukufaa tena, kwa kuwa mwamvuli nao ungerefuka, na majengo yote. Nilihitaji mahali ambapo hakuna kitu cha karibu. Alhamisi saa moja na nusu asubuhi nikawa katikati ya kiwanja cha mpira mtaani kwetu Pasua. Mwezi wa sita Mlima una maringo, unaweza kujifunika wiki nzima. Siku hiyo ulifunguka, mweupe, bila hata kitambaa kichwani. Nilipiga mstari mmoja tu, picha 12. Mstari wa chini ulikuwa hauna kazi, na isitoshe nyasi tupu zinaisumbua Hugin, haipati alama za kushikia. Kila jani linafanana na mwenzake.

Hugin ilinishonea ukanda wa kawaida, ule mchoro wa Equirectangular, kwa dakika kumi na kitu. Nikaupeleka GIMP. Nikakata: digrii kama 15 chini ya upeo wa macho na 20 juu, basi. Kisha kwenye Scale Image nikafungua ule mnyororo unaofunga upana na urefu, nikaandika 3600 kwa 3600. Ukanda ukawa mraba wa ajabu, wachezaji warefu kama minazi. Usiogope, endelea. Kwenye Polar Coordinates acha kina cha duara kiwe 100, weka alama ya vema kwenye To polar, na ondoa alama kwenye Map from top. Hii ya mwisho inawapotosha wengi, maana maelekezo mengi mtandaoni yanakuambia upindue picha kichwa chini kwanza. Hayo ni ya Photoshop. Kwenye GIMP unaondoa alama moja tu. Maandishi ya mabango yakitoka kinyume kama kwenye kioo, weka alama kwenye Map backwards.

Kibo ukatoka sentimita nne! Umekaa juu ya sayari ya nyasi kama kofia ya bibi harusi, magoli mawili yamebaki kama njiti za kiberiti pande mbili, na Mawenzi, kilele cha pili cha Mlima, ukachomoza pembeni kidogo. Kivuli changu cha asubuhi kilikuwa kimelala hadi mbali, kichwa kikawa kimetokeza karibu na katikati kama mkia wa panya. Nikakifuta kwa muhuri wa kunakili wa GIMP, unaochukua nyasi za pembeni na kuzibandika juu yake. Pale katikati nyasi zimebanwa zikawa nyota yenye miale, udhaifu wa kichujio hiki kila mara, lakini mashine ya saa ikaziba tena. Nadhani saa ya ukutani iliumbwa kwa ajili ya picha hizi.

Ni uongo? Kidogo. Kibo huo umevutwa urefu, miteremko yake mikali kuliko inavyopandika, na mteja wangu aliyeupanda mara nyingi kuliko nilivyopanda daladala aliona mara moja. Akaitazama, akacheka, akasema, "Sasa huu ndio wenyewe." Akamalizia elfu kumi na tano. Hesabu yangu: mashine ya saa, ubao wa MDF na stika ya vinyl vilinigharimu elfu kumi na moja, programu sifuri. Muda sihesabu, nilikuwa najifunza.

Nikilazimishwa kuchagua moja nitachagua Hugin, kwa sababu bila Hugin GIMP ingekuwa inapinda ukanda wa simu usiofunga mduara, na ungebaki na ufa kutoka katikati hadi ukingoni. Ukiwa na ukanda kama huo tayari na huna njia ya kurudi kupiga upya, GIMP ina dawa ya nusu: kitufe cha Offset kinausogeza mshono katikati ya picha kabla hujapinda, unauziba kwa mkono kwa subira, ndipo unapinda. Nimejaribu kwa panorama ya harusi. Kwenye nyasi na anga inakubali. Kwenye mahema na viti vya plastiki niliacha.

Lugha ya Hugin ndiyo itakayowafukuza watu. Madirisha yake yamejaa maneno ya kihandisi, na ukibonyeza ovyo unaweza kujikuta unahariri lenzi ambayo hukuomba kuihariri. Nilichofanya ni kubaki kwenye lile dirisha rahisi lenye hatua tatu, kupakia, kupanga, kuunda, na kila kitu kingine nikakiona kama vyumba vya wenyewe. GIMP ni rafiki zaidi, ila inataka uokoe kazi mara kwa mara. Kwa picha za 3600 mashine ya giga 4 inaweza kukwama ukiwa umefungua na kivinjari pembeni. Funga vyote. WhatsApp ya kompyuta pia.

Kuhusu mahali pa kupigia, baada ya majaribio haya nimekuwa natembea nikiutazama mji kwa pembe. Kihamba cha migomba nilikipiga Jumapili moja nilipokwenda kwa mjomba, mistari mitatu, na kwa Hugin ikatoka sayari yenye nywele, majani yametawanyika nje pande zote. Nzuri kuliko zote nilizopiga, na hakuna aliyeinunua. Watu wanataka Mlima. Stesheni ya reli nayo inapendeza, reli zinajikunja kama mkanda kuzunguka sayari, ila nenda kukiwa hakuna treni na uombe ruhusa kwanza. Saa sita mchana ni nzuri kwa kivuli, kinabaki chini ya miguu na kufutika chenyewe, lakini saa sita Mlima umeshajifunika. Huwezi kuvipata vyote viwili.

Saa ya kwanza, ile ya Mnara wa Saa, niliitundika dukani juu ya mashine ya fotokopi. Wiki iliyopita mama wa mahindi alikuja kupiga pasipoti. Alikaa kwenye stuli, nikawa narekebisha taa, naye akawa anaangalia ukutani.

"Mwanangu, ule si mwamvuli wangu?"

"Ndio mama."

"Na kile cheupe pale kidogo?"

"Kibo."

Akanyamaza kidogo. Akauliza bei. Nikamtajia elfu ishirini, nikiwa nimepunguza tano. Akasema atachukua mwisho wa mwezi, kwa sharti moja: lile tundu kwenye mwamvuli, upande wa kushoto, nilizibe. Kwa GIMP ilikuwa kazi ya dakika mbili.